Mjadala wa Filamu Uwe na Utaratibu

Marehemu Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera. Aliingia katika kazi ya filamu kwa kuwa alitambua kwamba wananchi wenzake wengi hawakujua kusoma, na kwa hiyo vitabu vyake haviwafikii. Sinema akaiita shule ya jioni. Lakini shule haiwi shule kwa sababu tu watu wamekaa na kutazama ubao. Hapana budi pawe na maswali na majibu.

La kusikitisha ni kwamba mazungumzo yetu juu ya filamu hayana mpango. Mmoja anafichua mwisho wa hadithi kwa mwenzake ambaye bado hajaiona. Wa pili analeta habari za ndoa ya mwigizaji. Wa tatu amekwisha kuhamia kwenye filamu nyingine kabisa. Watu wanatawanyika wakiwa wamecheka sana, na hakuna hata hoja moja iliyofikishwa mwisho wake.

Tuchukue mfano wa Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Filamu hiyo inazaa mijadala mitatu. Upo wa filamu yenyewe: picha, uigizaji na mpangilio wake. Upo wa filamu na riwaya: kipi kimeachwa, na kwa nini. Na upo wa historia: Zanzibar ya miaka ya 1950 na harakati za kupinga ukoloni. Yote mitatu ina haki ya kusikilizwa. Ikichanganywa, aliyesoma kitabu humnyamazisha asiyekisoma, na mzee aliyeziishi zama zile humnyamazisha kijana ambaye pengine ameiona picha vizuri zaidi kuliko yeye.

Wapo waliotutangulia katika jambo hili. Mwaka 1968, Fernando Solanas na Octavio Getino wa Argentina walikamilisha La hora de los hornos, filamu yenye sehemu tatu na urefu wa zaidi ya saa nne. Waliitengeneza ili isimamishwe katikati, watazamaji wajadiliane, kisha iendelee. Ilionyeshwa kwa siri, chini ya utawala wa kijeshi, na waliohudhuria walijua hatari yake. Ikiwa watu waliokuwa katika hatari ile waliweza kujadili kwa mpango, sisi tulio salama tuna udhuru gani?

Katika darsa, mwanafunzi huuliza juu ya ukurasa uliofunguliwa. Katika vikao vya Chama, ajenda hufuatwa, na mengineyo huja mwisho. Utaratibu huo huo unafaa hapa. Kila filamu iwe na kikao chake. Itangazwe mapema kwamba mwisho wa hadithi utazungumzwa, ili ambaye hajaiona achague mwenyewe kubaki au kuondoka. Hoja zipangwe, na kila moja imalizwe kabla ya kufungua nyingine. Habari za maisha ya waigizaji ziachwe nje. Na katibu aandike yaliyosemwa, yapelekwe kwa waliotengeneza filamu, kwani msanii asiyeambiwa kosa lake atalirudia.

Watakuwapo watakaodai kwamba utaratibu huua uhuru wa maoni. Hoja hiyo haina msingi. Pasipo utaratibu, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye uhuru. Binti wa sekondari mwenye hoja nzito na sauti ndogo hasikiki mpaka mwenyekiti ampe zamu yake. Mwenyekiti naye akumbuke kwamba kazi yake ni kugawa nafasi, wala hakuwekwa pale kutoa hukumu.

Tunatoa wito kwa maofisa utamaduni, walimu na wenye kumbi za maonyesho waanze na filamu moja kwa mwezi. Taa zikiwashwa, watu wasiruhusiwe kuondoka na maswali yao moyoni.