Pombe ya Kienyeji: Kabla ya Kuuliza Kilichoongezwa, Uliza Mahindi

Ukipika pombe nyumbani Mbinga, au kule chini ziwani Liuli na Mbamba Bay, pengine umewahi kuongeza maembe, ndizi mbivu, asali au sukari ili ladha ibadilike. Na ukiinywa kilabuni, pengine umewahi kujiuliza: "Huyu mama ametia nini leo?" Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza.

Tunda hufanya nini?

Tunda lina sukari, na hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi. Kwa hiyo pombe iliyoongezwa tunda au sukari inaweza kuwa kali kuliko ulivyozoea, hata kama ni tamu mdomoni. Tunda zima, lililooshwa kwa maji safi, si sumu. Bia ya kiwandani hutiwa hopsi, yaani maua machungu yanayozuia baadhi ya bakteria. Komoni na kangara hazina kinga hiyo, ndiyo maana huharibika baada ya siku chache.

Somo la Chitima

Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Watu 75 walikufa, akiwemo mama aliyeipika. Uvumi ulienea haraka kwamba kuna mtu aliyetia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara, ambao matokeo yake yalichapishwa baadaye, ulionyesha kitu kingine: sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Hakuna aliyekusudia kuua. Unga ulikuwa mbovu kabla haujafika chunguni.

Hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri.

Kwa nini moto hautoshi?

Wengi huamini kwamba kuchemsha na kuchachusha husafisha kila kitu. Moto huua bakteria na ukungu, lakini sumu walizokwisha kutengeneza hubaki.

Tangu Machi 2017 viroba vimepigwa marufuku, na gongo ni haramu tangu zamani. Hatua hizo zinalenga pombe kali. Hazigusi gunia la mahindi yaliyolowa ambalo mnunuzi amelikataa, likauzwa kwa bei ya chini kwa mpika pombe. Kutupa gunia kunauma, hasa kwa mama anayesomesha watoto kwa pombe hiyo. Ndiyo sababu kulinda mahindi tangu shambani kuna faida kuliko kumlaumu yeye baadaye.

Ufanye nini?

- Kausha mahindi juu ya turubai, si chini ya udongo mtupu. Yahifadhi mahali pakavu.
- Chambua kabla ya kusaga. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yanayonuka uvundo, yafukie. Usiwape kuku wala ng'ombe.
- Unga uliolowa kwa mvua au mafuriko usiupike, hata ukiuanika tena.
- Angalia kimea cha ulezi kwa makini uleule.
- Tumia maji yaliyochemshwa kuoshea matunda na vyombo. Maji ya ziwani yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu.
- Usiongeze spiriti yoyote. Huenda ina methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Dalili za hatari

Maumivu makali ya tumbo, kutapika, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida, kuona ukungu machoni. Zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hivyo usidhani ni ulevi tu. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, zuia wengine wasiendelee kunywa, na tunza pombe iliyobaki ili ipimwe.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa kwa afya. Ukiwa mjamzito, usinywe. Na ukialikwa kunywa popote, huna haja ya kuona haya kuuliza: "Mama, mahindi haya yalikauka vizuri?"