Jina la Mwanamke wa Ufilipino

Kamusi mashuhuri ya Kiyunani iliyotungwa na Georgios Babiniotis na kuchapishwa mwaka 1998, ilipolifikia neno Filippineza, yaani mwanamke atokaye visiwa vya Ufilipino, ililitilia pia maana ya mtumishi wa nyumbani. Na ijapokuwa wajibu wa mtunga kamusi ni kunakili yasemwayo na watu, jina la wanawake wa taifa zima likishageuzwa kuwa jina la kazi limedhulumiwa, na dhuluma hiyo yastahili kutajwa hadharani.

Jina lenyewe lina safari ndefu. Mwaka 1543 baharia Ruy López de Villalobos alivipa baadhi ya visiwa hivyo jina la Felipe, mwana wa mfalme wa Hispania, ambaye hakuvikanyaga maisha yake yote. Wenyeji walilipokea kwa ndimi zao, na kwa kuwa Kitagalogi cha asili hakina sauti ya f, Filipina ikatamkwa Pilipina. Kisha, katika miaka ya 1920, Wafilipino waliohamia Marekani, aghalabu vibarua wa mashamba na wanafunzi, walilikata jina hilo mwanzoni, wakalitia mwisho wa mahaba kama uliozoeleka katika majina yao ya nyumbani, wakapata Pinoy kwa mwanamume na Pinay kwa mwanamke. Naupenda mno mkato huo, kwani kilichoanguka ni sehemu kubwa ya jina la mwana wa mfalme, na kilichosalia ni sauti ya ndugu kuitana ugenini.

Na Pinay ni nani? Ni wa jamaa ya Gabriela Silang, aliyeshika uongozi wa maasi ya Ilocos mwaka 1763 baada ya mumewe kuuawa. Ni wa jamaa ya wasichana wa Malolos, ambao mwaka 1888 walimwandikia gavana Mhispania kutaka shule ya usiku. Na mwaka 1937, sheria ilipodai kura 300,000 za wanawake ndipo wapewe haki ya kupiga kura, walijitokeza wakapita 440,000.

Kazi ya nyumbani ni ya halali, na mabinti wa pwani yetu huifanya vilevile huko Ghuba. Lakini mwajiri amwitaye mtumishi wake "wee Mfilipino" kutoka sebuleni hana udhuru hata kidogo, kwani jina kamili la mama yule limo katika pasipoti ambayo, aghalabu, ameishikilia mwajiri mwenyewe.