Dereva Asiyeruhusiwa Kukataa



Katika Nyanda zetu za Juu Kusini siku ya shule huanza gizani. Mwezi Juni na Julai, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Uyole, Iwambi, Kihesa na Mafinga huwa katika baridi kali, na mara nyingi ukungu haujainuka. Hata hivyo watoto wadogo wamekwisha simama kando ya barabara wakisubiri gari la shule. Linafika, mlango unafunguliwa, wanapanda. Sisi tuliowasindikiza tunageuka na kurudi nyumbani. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuuliza kama asubuhi ile, kabla gari halijawashwa, kuna mtu aliyeinama kutazama chini yake?

Sisi tuliuliza. Katika shule moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tulioneshwa daftari la ukaguzi. Kila siku ilikuwa na mstari wake: breki, tairi, usukani, taa, oili, maji. Kila mahali palikuwa na alama ya vema na sahihi ya dereva. Daftari lilikuwa safi na maandishi yake mazuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lilikuwa limejazwa hadi Ijumaa, nasi tulilisoma siku ya Jumatano.

Tulipomuuliza dereva, hakukana. Alisema: “Nikiandika kwamba breki ni mbovu, watoto wataletwa na nani? Na mimi kesho nitakuwa wapi?”

Hatuko tayari kumhukumu mtu huyu peke yake. Aliajiriwa kwa mdomo. Akilaza gari siku moja anaambiwa ni mvivu. Akililaza siku ya pili, dereva wa deiwaka anakabidhiwa ufunguo. Amepewa wajibu wa kukagua, lakini amenyimwa uwezo wa kukataa. Ukaguzi wa namna hiyo si ukaguzi. Ni ushahidi wa uongo unaotayarishwa kila wiki, ili siku ya msiba ionekane kwamba karatasi zilikuwa sawa.

Na siku ya msiba sisi husema nini? Husema ajali haina kinga. Msemo huu tumeuzoea mno, hata tunautamka mbele ya majeneza. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, Karatu, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni likiwa linawapeleka watoto wa darasa la saba kwenye mtihani wa pamoja na shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika. Taifa zima lililia. Tarehe 26 Julai 2022, huko Mikindani, Mtwara, gari la shule liliua watu zaidi ya kumi, wengi wao wanafunzi, na taarifa za mwanzo zilitaja breki. Nasi wa Mbeya hatuhitaji kwenda mbali: Julai 2018 lori lilishindwa kujizuia kwenye mteremko wa Iwambi, likayagonga magari ya abiria, na watu 20 wakapoteza maisha. Kila ajali ina sababu zake, wala hatudai kwamba zote zingezuiwa kwa kutazama chini ya gari. Lakini breki iliyochakaa haichakai ghafla. Huanza kutoa dalili mapema, na dalili humsubiri mtu wa kuziona. Kumsingizia Mungu uzembe wa gereji ni jambo ambalo Kanisa halipaswi kulinyamazia.

Gari lililolala usiku kucha katika baridi ya Mafinga huamka na hali yake. Basi linalotumia breki za upepo lazima liachwe liungurume mpaka mitungi ijae. Dereva aliyechelewa huondoka kabla ya hapo. Kwa Coaster au Hiace, dereva akanyage pedali ya breki na kuishikilia: ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panapovuja. Atazame upande wa ndani wa kila gurudumu; unyevu wa mafuta pale si umande. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huchemka breki zinapopata moto. Kwenye barabara tambarare za mjini mtu anaweza kumaliza mwaka asiyajue hayo. Akishuka Kitonga, au akitoka Kawetire kuteremka Mbeya mjini, atayajua kwenye kona ya tatu.

Kisha agonge nati za magurudumu, atazame kama tairi zimebaki na meno, awashe taa zote, ajaribu waipa kwa ajili ya ukungu, na afungue mlango wa dharura kwa mkono wake mwenyewe. (Tumeuona mmoja uliofungwa kwa waya, na nje umeandikwa kwa rangi nyekundu jinsi ya kuufungua.) Kazi yote hiyo haizidi robo saa. Haihitaji mtambo wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Wenye shule wanatujibu kwamba askari wa usalama barabarani hukagua magari shule zinapokaribia kufunguliwa, na kwamba stika ya Nenda kwa Usalama ipo kiooni. Tunawaheshimu askari hao kwa kazi yao. Lakini stika husema gari lilikuwaje siku ile ilipobandikwa. Haisemi lolote juu ya asubuhi ya leo. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimkabili dereva peke yake: mwenye gari naye hana ruhusa ya kuliachia bovu liingie barabarani.

Wanatujibu pia kwamba ada ya usafiri ni ndogo na wazazi hatulipi kwa wakati. Hapo tukubali, maana ni kweli. Tunataka gari la bei ya chini, limchukue mtoto mlangoni, na lisichelewe. Tunawaona watatu wamekaa kiti cha wawili na tunanyamaza. Daladala iliyochoka inapakwa rangi mpya, inaandikwa jina la shule ubavuni, nasi tunaipigia makofi siku ya mahafali. Na tusijifiche: baadhi ya magari hayo ni ya shule zilizo chini ya taasisi zetu wenyewe za kidini.

Kwa hiyo tunadai jambo moja, tukianza na shule zilizo chini yetu. Kila dereva wa gari la shule apewe maandishi, yenye sahihi ya mwenye gari na mwalimu mkuu, yanayosema kwamba akiona kasoro gari halitoki, na kwamba siku hiyo atalipwa mshahara wake kamili. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, wazazi waisome. Shule isiyotaka kuiandika itueleze kwa nini. Na gari likilala, sisi wazazi tusimtukane dereva kwenye simu. Tuwatembeze watoto, au wachelewe.

Halmashauri ya walei ya kila parokia ichague wazazi wawili, mmoja wao awe anafahamu magari kidogo. Wafike pale gari linapolala, siku ambayo haikutangazwa, saa kumi na moja alfajiri, wakiwa na tochi. Wasianze na daftari. Wamwombe dereva akanyage breki na kushikilia, wao wachutame wamulike magurudumu, kisha ndipo waombe kuona limejazwa mpaka siku gani.