Chuma kikigoma, punguza kilo

Wasee wa jimu, leo tuambiane ukweli. Kuna siku chuma kinagoma. Mwezi jana uliweka kilo 100 mabegani, ukachuchumaa na kusimama mara tano. Leo unashuka na zile zile, unafika chini, halafu huinuki mpaka washikaji wakuvute. Wiki ijayo, vile vile.

Na sisi vijana wa mjini hatujui kukubali. Tunaongeza chuma kingine kila upande. Tunahama jimu. Tunanunua mkebe wa unga wa protini na pesa ya kodi ya nyumba. Halafu kuna yule jamaa wa kona anayekunong'onezea habari za sindano.

Mimi nilikwama kwa kilo 100 miezi minne. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, kazi ni ya kubahatisha, na ile namba ndiyo ilikuwa kitu pekee maishani mwangu kilichokuwa kinapanda. Ilipogoma, niliona ni kama mimi ndiye nimegoma. Nikawa naingia jimu siku sita kwa wiki, kila siku uzito wa mwisho. Kilichopanda ni maumivu ya mgongo tu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: ukikwama, punguza. Najua inauma, hasa kama kuna mtu anakurekodi na simu. Lakini msuli haujengeki ukiwa chini ya chuma. Unajengeka ukipumzika, na usipoupa nafasi utaendelea kubeba uchovu wa juzi. Angalia wakimbiaji wetu wa Iten. Dunia nzima inawaogopa, lakini hawakimbii mbio za kufa kupona kila asubuhi. Siku nyingi wanakwenda polepole, ili siku ya kazi ngumu miguu iwe na kitu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Toa asilimia 10: kutoka kilo 100 rudi 90. Kila wiki ongeza 2.5 tu, yaani kile chuma kidogo cha kilo 1.25 kila upande, ambacho watu wanakipita kama hakipo. Wiki ya tano uko 100 tena. Ya sita, 102.5. Chuchumaa siku mbili au tatu kwa wiki, si sita.

Ukiwa na uzito mwepesi, rekebisha uongo wako. Wengi wetu tunakunja magoti kidogo tu halafu tunahesabu. Shuka mpaka nyonga ipite chini ya goti, tulia pale chini ukihesabu moja, mbili, kisha simama. Pale chini ndipo wengi wetu tunakwama, kwa hivyo pale ndipo pa kujenga nguvu. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tunataka cha mvunguni tukiwa tumesimama wima.

Halafu kula. Anayebeba vizito anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Ukiwa na kilo 70, hiyo ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi. Sasa wewe umeshinda na chai na smoki mbili, unalaumu chuma? Ndengu, maharagwe, omena, maziwa na mayai viko mtaani kwako, na bei yake si ya mkebe. Na ulale angalau saa saba. Simu itakungoja.

Sindano, achana nazo kabisa. Homoni za dukani kwa siri zinaumiza moyo na ini, na zinaweza kukupunguzia mbegu za uzazi. Hakuna namba ya jimu yenye thamani hiyo.

Mimi wiki ya sita nilisimama na 102.5. Hakuna aliyepiga makofi, na bado sina digrii. Lakini mgongo hauumi, na siku hizi nikiona kijana anatoa chuma badala ya kuongeza, simcheki. Namshikia baa, kwa sababu huyo atafika.