Barabara Isiyo Katika Ramani



Mwishoni mwa masika moja tuliitwa kutoa Mpako wa Wagonjwa katika kigango kimojawapo cha mbali. Pikipiki ilitufikisha mtoni, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu, kwa kuwa kalavati lilikuwa limesombwa na maji misimu miwili kabla yake. Mama yule tulimkuta yu hai bado, Mungu ashukuriwe. Lakini gari la wagonjwa lililoitwa tangu alfajiri halikufika kabisa. Siku chache baadaye tulikwenda katika ofisi inayohusika kuuliza ni lini njia ile itatengenezwa. Kijana mmoja mstaarabu alifungua kompyuta yake, akatafuta, kisha akatugeuzia kioo ili tujionee wenyewe. "Padre," akasema, "hapa hakuna barabara." Naye alisema kweli. Palikuwa na rangi ya kijani, na mstari wa mto ukipita katikati yake.

Wazee wa kigango wanasema njia hiyo ilifunguliwa na baba zao kwa majembe, zama za vijiji vya ujamaa. Imepitisha magunia ya mazao, maharusi, majeneza na maaskofu wawili waliokuja kutoa Kipaimara. Hata hivyo, mbele ya Serikali haikuwa imezaliwa bado.

Tangu siku ile tumejitahidi kuelewa ramani za siku hizi hutengenezwaje, na tumeona inafaa kuwashirikisha haya, maana ni suala la haki, si la wahandisi peke yao. Ramani ya leo si karatasi iliyokunjwa kabatini. Ni daftari kubwa ndani ya kompyuta, ambamo kila kipande cha barabara kina mstari wake, na nyuma ya mstari huo yamo maelezo: jina, urefu, upana, kama ni ya lami, changarawe au udongo, ina madaraja na makalavati mangapi, na hali yake ikoje. Wataalamu huuita mfumo wa taarifa za kijiografia. Ukiuliza ni barabara zipi za udongo zinazofika kwenye zahanati, mfumo hujibu kwa muda mfupi sana. Lakini hujibu kwa yale tu uliyolishwa. Hata mistari miwili inayokutana mbele ya macho yetu, kama mchoraji hakuiunganisha kwenye njia panda, kompyuta itasema hapapitiki, na itamzungusha dereva kilomita nyingi bure.

Tazameni ukubwa wa jambo lenyewe. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulianza kazi mwaka 2017. Katika miaka yake ya mwanzo mtandao wa barabara uliokuwa chini yake ulihesabiwa kuwa kilomita zipatazo 108,900. Tangu mwaka 2021 hesabu inayotambuliwa imekuwa zaidi ya kilomita 144,000. Je, katika miaka hiyo michache taifa lilijenga barabara mpya za kilomita 35,000? Haiwezekani. Nyingi zilikuwapo, watu walipita juu yake kila siku, ila hazikuwa zimeandikwa. Na isiyoandikwa haiombewi fedha za matengenezo.

Mwaka huohuo wa 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za aina hii. Mwendesha bodaboda wa kigango kile tulichokitaja ameilipa tozo hiyo kila alipojaza tangi. Mama anayepanda bodaboda yake ameilipa ndani ya nauli. Wamechanga kama wengine wote, nao wanachangia barabara za wenzao walio katika daftari. Kanisa linapofundisha juu ya manufaa ya wote, na linapofundisha kanuni ya auni ambayo Papa Pius XI aliieleza katika waraka wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno, halizungumzii mambo ya angani. Linazungumzia daftari kama hili, na nani anayepata nafasi ya kusema kabla halijafungwa.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi satelaiti huona kila kitu, basi wanakijiji wanahitajiwa kwa lipi? Satelaiti huona paa na vumbi. Chini ya migomba na mibuni iliyofungamana haioni njia. Mapito ya ng'ombe wakati wa kiangazi huonekana kutoka juu kama barabara nzuri, na barabara iliyoota nyasi huonekana kama shamba. Na hakuna picha inayojua jina la mahali, wala kwamba daraja lile la miti hubeba baiskeli lakini halibebi gari. Hayo huyajua mwenyeji. Ndiyo maana kazi iliyofanyika Tandale, Dar es Salaam, mwaka 2011, na ile ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 katika jiji hilohilo kwa ajili ya kukabili mafuriko, iliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wa mitaa, wakitembea uchochoro kwa uchochoro. Katika Mkoa wa Mara nako, watu wa kujitolea wamekuwa wakichora vijiji na njia katika ramani ya wazi iitwayo OpenStreetMap, ili mabinti wanaokimbia ukeketaji wapate kufikiwa. Hata hivyo tusichanganye mambo: njia iliyochorwa katika ramani ya watu wa kujitolea itamwongoza dereva, lakini haiingii kwa sababu hiyo katika daftari la Serikali. Ni milango miwili, na yote miwili yafaa kubishwa.

Sasa tuseme neno ambalo pengine halitawafurahisha wote. Kuingia katika ramani si neema tupu. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinamlaani mtu anayesogeza alama ya mpaka wa jirani yake. Enzi zile alama ilikuwa jiwe, na aliyelisogeza alijua anachokifanya. Leo alama yaweza kusogezwa na mtu asiye na nia mbaya, ameketi kwenye kiti chake. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, zile za karatasi za skeli ya 1:50,000, zilichorwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Vifaa vya kupokea ishara za satelaiti, pamoja na simu zetu, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Mtu akichukua namba za msingi mmoja akaziweka juu ya mwingine bila kuzigeuza, kila kitu huhama karibu mita 300. Katika parokia yetu mita 300 ni kutoka mlango wa kanisa hadi ng'ambo ya makaburi.

Unganisheni jambo hilo na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, iliyokuwa mita 45, ilipanuliwa ikawa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wengi wetu tumeziona alama za X, nyekundu na kijani, zilizopakwa kwenye kuta za nyumba, na tunajua tofauti ya rangi hizo kwa mwenye nyumba anayetumaini fidia. Kwa hiyo, viongozi wanaoomba kwa bidii barabara ya wilaya ipandishwe hadhi iwe ya mkoa, wawaambie watu ukweli wote: hadhi ikipanda, hifadhi nayo hupanuka. Na pale ambapo orodha ya nyumba huanza kuandaliwa ofisini kutoka kwenye mstari wa ramani, kosa la mita nane ni sebule ya mtu. Familia ina haki ya kuomba kipimo kirudiwe chini, kwa kamba, mbele yake na mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Tusisahau pia kishawishi kilicho ndani yetu wenyewe. Tumesikia ya njia inayopindishwa kwenye karatasi ili ipite shambani kwa mheshimiwa. Hata mapadre tunapenda mstari uishie mlangoni pa kanisa, wakati zahanati iko kilomita mbili mbele. Anayeshika kalamu ya kuchora ashike pamoja na wasiomchagua: wanawake wanaochota maji, wafugaji, wenzetu Waislamu, na walemavu wanaojua kila shimo.

Tunaloomba ni hili. Kabla ya mvua za vuli kila jumuiya ndogo ndogo itembee njia zake zote, siyo zile zinazoelekea kanisani tu. Vijana wenye simu zinazoweza kurekodi mapito waende na wazee wanaojua majina. Waandike panapokatika wakati wa masika, kwa miezi mingapi, na nani hukwama hapo. Kisha Halmashauri ya Walei ipeleke taarifa hiyo kwa mtendaji wa kijiji ili isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kuingia katika muhtasari, maana barua ya paroko peke yake, tumejifunza, hupokewa kwa heshima na kuwekwa chini ya nyingine. Nakala iende kwa diwani na kwa meneja wa TARURA wa wilaya, pamoja na ombi la kuonyeshwa ramani ya kata hadharani kabla haijathibitishwa.

Kigango kile cha ng'ambo ya mto kimekwisha kuanza. Wamepima kilomita kumi na moja, na makalavati manne, moja likiwa halipo.