Saa ya babu isiishie kwenye vyuma chakavu

Zipo nyumba Iringa, Kihesa hadi Ipogolo, zenye saa isiyotembea. Hukaa kwenye kikopo cha vifungo au ndani ya sanduku la bati pamoja na risiti za zamani, na hakuna anayeiulizia mpaka mwenyewe afariki. Matanga yakiisha, wanaukoo huketi. Shamba lina wenyewe, ng'ombe wana wenyewe, hata koti la mzee hupata wa kuligombania. Saa humwangukia mjukuu, naye huiuza kwa bei ya soda mbili.

Ingefaa kwanza isomwe. Waingereza waliitawala Tanganyika kwa zaidi ya miaka 40, na baadhi ya saa zao zilibaki. Jina la kutafuta ni Smiths. Wazee walioendesha Land Rover za zamani watalikumbuka kwenye mita ya mwendo. Kampuni hiyohiyo ilitengeneza saa za mkononi mjini Cheltenham baada ya Vita Kuu ya Pili, na Edmund Hillary alikuwa na mojawapo alipofika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Chini ya namba 6 (ambayo mzee, bila shaka, aliisoma saa kumi na mbili) kuna maandishi madogo. Yakisema "Made in England", hiyo ni Smiths ya daraja la juu. "Made in Gt Britain" kwa kawaida ni ya bei nafuu, na nyingi za aina hiyo zilitoka Wales.

Saa ya mfukoni ina alama zake. Simba anayetembea, aliyegongwa ndani ya kifuniko, ni muhuri wa Kiingereza wa fedha halisi. Nanga pembeni yake inataja mji wa Birmingham, na herufi moja inataja mwaka. Zile kongwe hutiwa ufunguo, na ndani huwa na mnyororo mwembamba mno, uliounganishwa kama wa baiskeli. Minyororo hiyo ilitengenezwa sana Christchurch, kusini mwa Uingereza, na wanawake na watoto walioharibu macho yao kwa kazi hiyo. Wamarekani na Waswisi walipoingia kwenye mashine, Waingereza waling'ang'ania mkono, wakashindwa bei. Kazi hiyo ya mkono ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta leo.

Tamaa isizidi, lakini. Mwaka 2017 saa ya George Daniels, fundi aliyezitengeneza saa zake kwa mkono katika kisiwa cha Man, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Saa ya babu si hiyo. Haitajenga nyumba.

Inachoweza kupoteza ni ile thamani ndogo iliyo nayo, na hupotea mikononi mwa wapendao kusaidia. Kijana huing'arisha mpaka alama ya simba inafutika. Mwingine hupaka uso rangi mpya, au hutoa mashine nzima na kuweka ya betri ili itembee tu. Mkusanyaji hutaka uso uleule, hata ukiwa na madoa. Fundi akibadili kifaa, cha zamani kirudishwe mwenyewe akiwa amesimama pale. Na saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba za kung'aa gizani zisikwanguliwe wala watoto wasichezee. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, na vumbi lake ni sumu.

Kwenye kikao, anayesahaulika kuulizwa ni bibi. Wanaume huamua, yeye yuko jikoni. Lakini ndiye anayejua kama saa ilitoka kwenye shamba la chai Mufindi, misheni au jeshini, na ndiye aliyelala karibu nayo ikigonga kwa miaka yote hiyo. Akisema iuzwe ilipe ada ya mjukuu, ana haki hiyo kuliko mtoto wa kwanza. Akisema ibaki, kikopo kirudi kabatini kwake. Kwa vyovyote, jina la mzee, kazi yake na mwaka alioipata viandikwe kwenye karatasi ikae na saa. Mnunuzi makini huilipia hata hiyo karatasi, na bibi hatakuwepo siku zote kuulizwa.