KAZI ZA MIKONO: Rafadha Inayoteleza na Shafti Iliyoshikwa na Kutu

Mwezi huu twaleta habari za mashua, maana nyumba nyingi zipokeazo karatasi hii ziko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kwao mashua ndiyo njia ya kwenda sokoni, kanisani na hospitalini.

Usiku mmoja tulikuwa tukimpeleka mtoto mgonjwa hospitalini, kwa mashua yenye injini ya nguvu za farasi 15. Upepo ulipoanza kuvuma tukaongeza moto. Injini ikanguruma kuliko desturi yake, lakini mashua haikuongeza mwendo hata kidogo. Tulipopunguza moto, ikaenda polepole. Basi tukaenda hivyo, wengine wakipiga makasia, hata tukafika alfajiri. Mtoto akapona, nasi twamshukuru Mungu. Lakini haya ilitushika, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Sababu yake ni hii. Katikati ya rafadha, ambayo wengine huiita propela, pana kitovu. Ndani ya kitovu mna bomba fupi lenye meno yanayoshika shafti, na kati ya bomba na kitovu mna mpira uliobanwa sana. Kazi ya mpira huo ni kulegea kidogo panga linapopiga jiwe au gogo, ili gia zisivunjike. Mpira ukichakaa, huteleza: shafti yazunguka upesi, rafadha yabaki nyuma. Katika injini nyingine ndogo hakuna mpira huo, bali pana pini laini iliyowekwa makusudi ikatike kwanza; basi huko tazameni pini kabla ya yote.

Mkitaka kujua kama mpira umeteleza, kwaruzeni mstari mmoja ulionyoka, toka bomba la ndani hata kitovu cha nje. Fungeni nati vizuri, mwende safari fupi kwa moto mwingi, kisha tazameni. Mstari ukiwa umeachana, mpira umekwisha.

Mtu mmoja alitushauri tutoboe kitovu, tupitishe bolti, na mambo yaishe kwa fedha kidogo. Tulikuwa karibu kukubali, maana mfuko ulikuwa mwepesi. Lakini fikirini: rafadha iliyofungwa hivyo ikipiga jiwe, pigo lote laenda kwenye gia na shafti, na bei yake hupita bei ya mpira mara nyingi. Kadhalika mtu atiaye msumari mgumu mahali pa pini laini. Rahisi ya leo yaweza kuwa ghali ya kesho. Mapanga yetu yalikuwa mazima, kwa hiyo tukaazimu kumpelekea fundi kitovu, akitoe mpira wa kale na kushindilia mpya. Kufanya hivyo ni nafuu kuliko kununua rafadha nzima.

Hapo tukakuta shida ya pili: rafadha haikutoka, kwa kuwa meno yalikuwa yameshikana na shafti kwa kutu. Tulifanya hivi. Kwanza tulichomoa waya za plagi, ili injini isiwake mkono ukiwa penye mapanga. Tukatoa pini ya kufungia nati, nati yenyewe, na washa, tukizipanga chini kwa taratibu zilivyotoka. Tukatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tukatia tena. Ndipo tukafunika kitovu kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji yaliyochemka. Moto wenyewe hatukuusogeza, maana petroli ilikuwa karibu, na ndani mna sili ya mpira izuiayo maji. Mwisho tukaweka kipande cha mti mgumu mbele ya kitovu, tukagonga taratibu kuelekea nyuma, huku na huku, tukiizungusha. Siku ya pili ikatoka. Ncha ya shafti msiigonge kwa nyundo kamwe. Hesi zitaharibika, na gia zitaumia.

Nyuma ya rafadha tulikuta uzi wa nyavu umejizungusha kwenye shafti. Uzi huo hukata sili, na maji huingia kwenye gia. Mkifungua oili ya gia na kuiona nyeupe kama maziwa, jueni maji yameingia: badilisheni sili na oili kabla ya kusafiri. Kisha safisheni meno kwa brashi ya waya, pakeni grisi isiyoondolewa na maji, rudisheni vyote kwa taratibu yake, na pini mpya.

Katika ziwa letu uko mfano mkubwa wa jambo hili. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, isitwaliwe na adui. Lakini mafundi, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, waliikuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mitambo iliyolala chini ya maji ililindwa na grisi; nasi, tuliokuwa juu ya maji, tulikaa miaka miwili pasipo kupaka hata kidole kimoja.

Basi kila miezi michache itoeni rafadha, itazameni, ipakeni. Chomboni msikose makasia, koleo, na pini za akiba. Wanawali watano wapumbavu hawakukosa taa, walikosa mafuta. Nasi usiku ule tulikuwa na injini, na mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake.

Twawaombea safari njema. Tukijaliwa, mwezi ujao tutaeleza jinsi ya kuziba mbao zinazovuja.